Baba Anasubiri Damu Yake

Getanuwas, Jumanne ya katikati ya Julai

Baridi ya leo ni ile ambayo hata jua likitoka, linakuja kusalimia tu na kuondoka. Upepo unashuka kutoka mlima Hanang tangu alfajiri, unaleta vumbi la mashamba ya ngano mpaka ndani ya vikombe. Nina huzuni, niseme tu. Nimeandika haya kwa mkono, nitayachapa nikifika Arusha kwenye intaneti.

Kwa anayepita hapa mara ya kwanza: mimi ni mtu wa maabara, Dar es Salaam. Mradi wetu unachunguza damu ya wagonjwa wa saratani ya kongosho. Kongosho linakaa nyuma ya tumbo, kimya kabisa, na uvimbe ukiota pale mtu hajui mpaka macho yageuke njano na mgongo uanze kumchoma. Sisi tunatafuta seli zilizobanduka kwenye ule uvimbe zikaingia kwenye damu. Ni chache mno, lakini nyingi ni kubwa kuliko seli za kawaida za damu. Kwa hiyo tunapitisha damu kwenye kichujio chenye matundu madogo sana, zinakwama, tunazipaka rangi, tunaziangalia kwa hadubini. Tunataka kujua kama siku moja zitaweza kumwonya daktari mapema.

Siku moja. Kwa sasa hatumtibu mtu.

Mwezi wa tano Baba aliletwa Dar kwa matibabu, na majibu yalipotoka ilikuwa ni ugonjwa huohuo ninaousoma kila siku. Wenzangu waliniuliza kwa upole kama angekubali kutoa damu kwa ajili ya utafiti. Nikasema nitamweleza mwenyewe. Nilijiona mtu sahihi kwa kazi hiyo, mtoto wake, ninayejua lugha yake. Baba hapendi maneno ya kidaktari, kwa hiyo nikamwambia, "Baba, tunaichekecha damu, kama wewe na mbegu." Alicheka, akakunja mkono wa shati kabla sijamaliza kueleza. Nikajipongeza.

Sasa niwaeleze Baba ni nani. Miaka yote ya utoto wangu alisimamia mashine ya kusafisha mbegu kwenye shamba la serikali la ngano. Baada ya mavuno, ngano ya kupanda mwaka unaofuata ilifika kwake na takataka zake zote: magugu, shayiri mwitu, punje zilizovunjika. Mashine inatikisika, uchafu unaanguka pembeni, ngano safi inarudi kwenye gunia lake, gunia linashonwa mdomo na kuwekwa ghalani. Mameneja walikuja na kuondoka, Baba na mashine yake wakabaki. Mpaka leo akipita dukani huchota mchele wa watu kiganjani na kuupuliza.

Huku kwetu hakuna mtu anayechekecha kitu ili akitazame tu.

Hilo nimelielewa leo mchana. Tulishamrudisha hapa nyumbani, na nilimpelekea uji upande wa nyumba unaopata jua. Alikuwa amejifunika blanketi mbili, kiti kikubwa kama cha mtu mwingine. Akanywa polepole, akamaliza, akapangusa mdomo, halafu akaniuliza kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Hivi ile damu yangu mtairudisha lini?"

Nilidhani ananitania. Baba ni mtu wa utani, hata njano ya macho yake anasema ni ngano imemwingia. Lakini akaendelea. "Naona mnachelewa. Au mashine imeharibika? Sisi hapa mkanda ukikatika tulisubiri spea mwezi mzima, najua hayo mambo. Mimi siwalaumu."

Nikashika bakuli, nikasema narudi, nikaenda jikoni.

Ndipo mengine yote yakajipanga. Wazee wa kanisa walipotaka kuja kumwombea na kumwekea mikono, aliwaambia wasiwe na haraka. Paskali, kaka yangu aliye machimboni Geita, alipopiga simu kwamba ameomba ruhusa aje, Baba alimkataza. Alimwambia aje Krismasi, atakuwa amepona, wachinje mbuzi, wale vizuri. Sisi tulisema Baba ana moyo mkuu, ana imani. Kumbe anasubiri damu yake, irudi imesafishwa.

Daktari aliniambia, tukiwa wawili, nisiitegemee Krismasi.

Jikoni Mama alikuwa anapuliza moto. Nilimweleza yote, na nilipomaliza hakushtuka hata kidogo. Alikuwa anajua. "Mwache," akasema. "Mtu akiwa anasubiri kitu, anakula. Ukimwondolea hicho, hata uji ataukataa. Utamlisha nini wewe, hadubini?"

Bakuli lilikuwa mkononi mwangu, tupu, limelambwa. Nani angenilaumu kama ningetoka nje nikasema "mwezi ujao, Baba, spea imeagizwa"? Wahenga walisema mficha maradhi kilio humuumbua. Hawakusema lolote juu ya mtu anayemficha mgonjwa maradhi yake mwenyewe.

Damu ya Baba haipo. Kilichokwama kwenye kichujio kiko kwenye kipande cha kioo chenye namba, na iliyobaki ilichomwa pamoja na taka za maabara, kama utaratibu unavyotaka. Sampuli zetu hazina majina, lakini namba ya Baba niliibandika kwa mkono wangu. Niliziona seli zake. Mara nyingi natafuta asubuhi nzima nipate moja, na kuna wagonjwa ambao sipati hata hiyo. Zake zilikuwa makundi makundi.

Nikawaza habari ya Paskali kushuka kwenye basi pale Katesh mjini na kuja moja kwa moja makaburini. Hilo ndilo lililonitoa jikoni. Mama aliniona nikienda, hakunizuia, ila aligeuza uso.

Nilimwambia. Nilipiga magoti kwenye vumbi mbele ya kiti chake, nikamwambia damu haitarudi, kwamba tuliichekecha ili tuone tu, kwamba nilitumia neno bovu na kosa ni langu. Nikamwambia dawa ya kusafisha damu namna hiyo hatuna. Alikuwa anatazama upande wa shamba, ambako mwaka huu mashine moja tu inavuna, inakwenda na kurudi peke yake. Wanasema serikali inaliuza.

Mwishowe akasema, "Basi mwite Paskali. Asingoje Krismasi."

Nilipanda kilimani kunakoshika mtandao, nikampigia. Paskali hakuuliza maswali mengi. Anaondoka kesho na basi la kwanza. Wazee wa kanisa nao wamekaribishwa Jumapili. Haya ndiyo niliyoyataka, na yamekuwa.

Jioni Baba hakugusa chakula. Mama alikirudisha jikoni, akakifunika, na tangu hapo hajasema nami neno. Sijui kama ana makosa.

Kuna sehemu nimeiruka. Nilipokuwa bado nimepiga magoti, kabla hajataja habari ya Paskali, Baba aliniuliza kama hizo mbegu mbaya niliziona kwa macho yangu mwenyewe.

"Ndiyo, Baba."

"Ulikuwa na nani?"

"Nilikuwa peke yangu."

Akaweka mkono kichwani pangu, mkono mwepesi ambao sikuujua. "Pole sana, mwanangu," akasema. "Pole sana."

Nikalia, na yeye hakulia. Miezi miwili nimekuwa nikimpima, nikimweleza, nikimnywesha, nikimficha, na leo nimemwambia. Sijawahi kumwuliza anaogopa nini. Kesho nitakaa chini karibu na kiti chake, nimwulize hilo, na nisijibu mimi, ajibu yeye.