Duka la Mwisho Lililo Wazi Muhumba

Shabunda, Jumapili ya kwanza baada ya Pasaka

Maman mpendwa,

Ni mwaka na zaidi tangu niondoke Bukavu. Ukiona maandishi yanapinda, ujue ni beleshi limenichosha mikono, si pombe. Shule yangu unaijua iliishia wapi; nitaandika kama ninavyosema.

Swali lako lilinifikia. Mwenye galeri, ile ghorofa ya maduka, anataka kuigeuza depo ya simenti, na umebaki wewe peke yako humo na vitenge vyako. Utoke au ukatae? Nimelitafuna wiki nzima shimoni, nikichimba dhahabu.

Galeri ile ilipojengwa, mimi ni mmoja wa waliobeba mchanga wake begani mpaka juu. Ilipofunguliwa, watu wa Muhumba walikuja na nguo za misa ili tu wapande ngazi na kushuka. Taa ziliwaka mchana, muziki ulitoka kila mlango. Niliwaambia wote kwamba maman yangu ana duka mule ndani.

Na nilipenda zaidi namna yako ya kuuza. Mteja akiomba kitu usichokuwa nacho, ulimkalisha kwenye kiti, ukaenda kukichukua kwa jirani, ukamuuzia, na faida ikabaki ya jirani. Ulituambia, "Ile neno 'haiko' inakulaka maduka." Majirani walikucheka kwanza, halafu wakakuiga wote. Maman Chantale wa viatu, pale mbele yako, hakuacha kukutania:

"Muteja unamuikalisha vizuri kuliko bwana yako."

Nawe ukamjibu, "Bwana yangu iko ananunua nini?"

Kisha umeme ukawa wa kubahatisha, mafuta ya jenereta yakawashinda, watu wa mishahara wakapungua. Majirani wakapanda mmoja mmoja mpaka mtaa wa Nyawera, kuuza kando ya barabara. Vioo vya juu vikavunjika, mvua ikaingia.

Siku niliyokuja kukuaga, mwanamke mmoja aliomba viatu vya komunyo vya mtoto wake. Kwa Maman Chantale kulikuwa na kufuli. Ukamkalisha, ukatoka. Tulingoja mpaka yule mwanamke akaniuliza, "Maman yako ameenda kuvishona?"

"Hapana, iko anavitafuta."

"Basi, nitangoya."

Ulirudi kutoka Nyawera kwa miguu, viatu kwapani, jasho likikutiririka, ukamwomba radhi kwa kumchelewesha. Sijamwona mfanyabiashara kama wewe, Maman, hata huku ambako watu wanauza dhahabu.

Nitasema wazi. Mwanzoni nilitaka ukatae. Nilitaka mlango mmoja ubaki wazi, mchanga wangu usiwe umebebwa bure. Lakini mabega yalikuwa yangu, na magoti yanayopanda Nyawera ni yako. Uzuri wa galeri ulikuwa ninyi, vile mlivyosaidiana kuuza, na wenzako wote sasa wako kule barabarani. Utoke, Maman. Uwafuate. Mwombe Maman Chantale akusogezee nafasi kando yake, mteja wa viatu asikutembeze tena.

Rafu za mbao usizibebe, na usiwape wabeba mizigo wazivunje. Nitazihamisha mimi. Mwambie mwenye jengo avumilie mpaka mvua ziishe na barabara ikauke. Mwisho wa mwezi wa sita, Mungu akipenda, nitakuwa mlangoni.

Kifungua mimba wako