Mkufu wa Nyanya Yako Niliufungua Mimi

Mpendwa Mama Mwende,

Ukisikia watu huko Mutomo wakisema mume wako amebahatika, usibishane nao. Ni kweli kabisa. Mikufu yangu imeingia kwenye ile koleksheni ya Nairobi, ile ya urembo wa malkia wa kale. Wanawake warefu, shingo kama twiga, wametembea nayo kwenye hoteli ya kifahari, watu wakapiga makofi mpaka mikono ikauma. Mimi, mtu wa kibanda cha bangili hapa Mukuyuni, niliyeacha shule darasa la sita kwa sababu mwalimu alinionea wivu! Rudi tule hii heshima pamoja.

Unakumbuka pete yangu ya kwanza kwako? Niliikata kwenye bomba bovu la maji, nikaipiga msasa, nikakuambia ni dhahabu ya Kongo. Wiki haikuisha, kidole chako kikawa kijani kama sukuma wiki. Mama yako akataka kukupeleka hospitali. Wewe ukaficha mkono nyuma, ukamwambia, "Mama, wacha kiwe kijani. Ni changu." Nilikuwa nimesimama hapo nje, nikasikia kila neno.

Halafu siku ya harusi, kwetu Kalamba. Nyanya yako alifungua kibuyu cha mbegu za kunde, akatoa mkufu wa shaba aliouficha humo tangu watu wa kanisa walipookoka na kutupa mapambo ya kale motoni. Akakuvisha mwenyewe. Vipete vidogo kuliko punje ya wimbi, vimeshikana mistari saba, na nusu mwezi imening'inia kifuani. Mkufu ulikuwa unateremka shingoni mwako kama maji. Mama Mwende, nimeona wanawake wa Mombasa, nimeona wa Kampala, lakini siku hiyo niliogopa kukushika mkono. Nyanya akasema, "Baada yako utavaliwa na atakayepewa jina langu." Tukapata msichana, tukamwita Mwende. Na sasa huyo Mwende ndiye analetewa mbuzi za ntheo mwezi wa nane, watu wajue amechumbiwa.

Yule dizaina wa koleksheni ya Nairobi alipopita kibandani na picha zake za nusu mwezi na nyoka waliojikunja, mdomo wangu ulinitangulia. "Hii? Hii natengeneza nikiwa nimefumba macho!" Akacheka. "Basi nitengenezee, fundi." Ndio nikakuomba mkufu niangalie mfano. Ulinipa umeufunga kwenye leso. "Siku mbili, Baba Mwende. Uangalie na macho. Koleo ikae mbali."

Macho hayakutosha. Nilitafuta mahali palipotiwa lehemu, sikupata. Wazee walivuta waya kwa mkono mpaka ukawa kama unywele, wakafunga kila kipete ndani ya kingine bila moto. Nikasema, wacha nifungue kimoja tu nijue siri. Kimoja! Kikafuatwa na cha pili, na mistari yote saba ikamwagika kwenye benchi kama mchanga. Nilifunika na mikono miwili, lakini nilikuwa nazuia nini?

Nilipaswa kukuambia siku ile ile. Badala yake nikatengeneza mwingine kwa waya ya mota iliyoungua, nikausugua na majani ya chai na jivu uonekane mzee. Uliuweka shingoni, ukauinua kwa kidole. Halafu ukasema, "Huu hauna uzito." Ukauvua. "Mtoto wangu hatasimama mbele ya wageni na uongo shingoni. Nenda ulete wa nyanya." Nikacheka. Kwa nini nilicheka, hata sijui. Kesho yake ulienda kwenu Mutomo na Mwende, na simu zangu hushiki.

Vipete viko hapa, kwenye mkebe wa majani ya chai. Kila asubuhi kabla ya kufungua kibanda nakaa navyo na sindano na miwani ya kuazima. Jana nilifikisha urefu wa kidole. Leo umeachana tena. Mikono yangu ni ya kuchomelea geti, si ya kazi hii, na mwezi wa nane unakuja.

Nakuomba, muulize mama yako. Babu yako ndiye aliufua, na mama yako akiwa msichana alimshikia waya. Kama anakumbuka hata mkunjo mmoja, nitakuja kwa miguu. Najua adabu yetu Wakamba, mwanamume hakai pua kwa pua na mama mkwe. Nitakaa nje ya mlango, yeye akae ndani, wewe katikati utupitishie vipete. Anitukane akitaka, mradi anielekeze. Na kama hutaki kurudi kwangu, usirudi. Lakini shingo ya Mwende isikae tupu kwa sababu yangu. Mwambie babake anamsalimia, hayo mengine nitamwambia mwenyewe.

Na yale ya hoteli hayakutokea. Dizaina aliangalia kazi yangu, akairudisha yote kwenye mfuko, akasema, "Pole, fundi." Hakuna shingo hata moja Nairobi iliyovaa kitu changu. Nilikudanganya tena.

Mume wako,
Baba Mwende