Punje Yangu Hapati

Arlys, shoga, uko? Nimetoka maonyesho ya kilimo sasa hivi, hebu sikia haya.

Yule Kettering, mgombea wa chama chetu kwa kiti cha Seneti! Niliyemtetea kwako msimu mzima kwamba ndiye pekee wa kuwabwaga Wademokrati Novemba!

Kaja kwenye banda langu la nguruwe. Kanipa mkono, tukapigwa picha. Kamera zilipogeuka tu, akajifuta mkono kwa kitambaa cha dawa. Mbele yangu! Akajifuta, Arlys!

Halafu anamwambia msaidizi wake, "Hawa wahafidhina wa mashambani ni wetu tu. Watampigia kura nani mwingine?"

Eti nani mwingine!

Nikaenda kwenye ile kura ya maonyesho, kila mtu na punje moja ya mahindi kwenye chupa ya mgombea wake. Nikasimama mlangoni na fulana ya Kettering kifuani, nikawasimulia wanawake wote wa kanisani. Punje zao zote kwa Marla Stroud, anayeshindana naye ndani ya chama, na kwenye mchujo wa chama itakuwa hivyohivyo.

Kettering akanifuata mwenyewe, meno yote nje: "Mama Verna, punje yangu umeshaiweka?"

Nikamwambia, "Nimempa nguruwe. Yeye akinigusa hajifuti."