Risasi Niliyombadilishia Bakari

Jumapili, Mfungo Mosi

Bakari tena! Mume wa dada yangu anashangiliwa Mnyambe nzima kama bwana harusi, kisa kulenga kibuyu kwa bastola.

Kabla ya shindano huviringisha risasi zake za duara kwenye sinia. Inayokwenda moja kwa moja huichagua, inayoyumba huitupa. Leo tulijificha bondeni, askari wa Mdachi wasitusikie. Alipokwenda kusali, nikambadilishia ile aliyoichagua kwa moja aliyoitupa. Mungu anisamehe, mimi sikusali.

Akashindilia baruti, kitambaa, na ile risasi mbovu. Kibuyu kikapasuka katikati!

Mimi na risasi yake nzuri tulipiga mchanga.

"Shemeji, umekiogopa kibuyu?" akaniuliza. Dada akacheka mpaka akakaa chini.

Miaka yote nimejiliwaza kwamba ananishinda kwa uzuri wa risasi zake tu. Sasa hata hilo sina.