Wageni wa Mama Walirudishwa Getini

Bi Munyiva mpendwa, salamu nyingi, naomba msaada wako kwa sababu nyumbani kwangu hapakaliki.

Mimi naishi Kilimani na kazi yangu ni utafiti wa tumbili: tunamtenga mmoja na wenzake, tunapima mate yake kuona homoni za msongo wa mawazo zinavyopanda na saa ya mwili inavyovurugika, maana huanza kusinzia mchana, usiku anazunguka, chakula anakichezea tu, na kazi hii imenipa jina. Sasa baba alipofariki nilimchukua mama yangu, Peres, kutoka Busia nikamleta kwangu ghorofani ili apumzike, ana televisheni, ana kitanda kizuri, mimi na mke wangu tunatoka asubuhi na kurudi jioni, na kwa kuogopa wezi nilimwambia mlinzi asimruhusu mtu yeyote kupanda. Wiki iliyopita wamama wa kanisa lake wanaoishi Kawangware walikuja kumpa pole, wamebeba unga na ndizi, mlinzi akawaambia, "Mdosi alisema hakuna mtu anapanda, wamama, rudini tu," na mama akawaona kutoka kwenye roshani wakigeuka na mizigo yao. Nilipofika aliniuliza, "Hao walikuja kulia na mimi, Wesonga. Umewafukuza kama nani?" na tangu hapo hasemi nami, chakula hagusi, mchana anasinzia kitini, usiku namsikia akitembeatembea, na dada yangu Jacklyne anapiga simu kila siku kusema nimrudishe, lakini watu wa nyumbani watasema nimeshindwa kumtunza mama. Je, nimtafutie dawa za usingizi, au ni uzee tu umemfika?

Wesonga, Kilimani

Wesonga, pole kwa kumpoteza baba. Pole yangu inaishia hapo.

Nimesoma barua yako mara mbili nikidhani unanitania. Umeandika dalili za tumbili, ukashuka mistari michache ukaandika dalili zilezile za mama yako, halafu unaniuliza mimi kama ni uzee! Elimu yote hiyo huwa unaivua mlangoni pamoja na viatu? Na huyo tumbili nadhani mlimpangia siku ya kurudishwa kwa wenzake. Mama yako ulimpangia siku gani?

Mjane hutembelewa, bwana. Watu huja, hukaa, huimba, humaliza chai yote, na yeye hupata wa kulia naye. Wewe umewafukuza watu waliobeba hata unga wao wenyewe! Imeniuma, sitaficha. Na hao watu wa nyumbani unaoogopa maneno yao ndio haohao anaowahitaji.

Dawa za usingizi sahau, mpaka daktari amwone na aseme mwenyewe. Leo, kabla hujala, ongea na mlinzi. Kisha nenda Kawangware uwaombe wamama hao msamaha, na wakikufokea nyamaza. Wikendi hii mpeleke Busia, na umwambie Jacklyne aifungue nyumba ya mama mapema ipate hewa. Usimuulize mama kama anataka kurudi, jibu unalo. Muulize kama atakukaribisha ukienda kumwona.