Shahidi wa Slate Lick

Chuoni, Kentucky
14 Septemba 1998

Mama mpenzi,

Hujambo? Goti linasemaje? Mimi mzima, ila kichwa kimejaa sheria mpaka natia chumvi kwenye kahawa. Darasani wananiita Bibi, eti miaka arobaini na moja ni uzee. Nawaambia watanikuta nimeshahitimu.

Mwalimu wetu wa sheria za mazingira ametuagiza kila mmoja aombe serikalini taarifa za kupima maji ya kijito anachokijua. Nimeomba za Slate Lick, hapo nyuma ya nyumba, chini ya bwawa la matope la kampuni ya makaa. Zimefika leo. Mama, Baba tulimzika Novemba. Fomu za Desemba mpaka Agosti zote zina sahihi yake kama mchotaji wa maji. Mwandiko wake naujua. Na penye nafasi ya shahidi umesaini wewe.

Nieleze, tafadhali. Kampuni inaomba kibali kipya cha bwawa hilo, na kikao cha kusikiliza wananchi ni tarehe 14 Oktoba.

Mwanao,
Idella


Slate Lick
20 Septemba 1998

Idella mwanangu,

Sijambo, goti ndilo lenye mambo. Maharage yamezaa sana, nimekufungia chupa kumi na mbili.

Mbona unaniuliza kama polisi? Fomu inataka watu wawili, na huku bondeni watu wawili ni mimi na baba yako. Alikuwa akiweka chupa mezani, natia sahihi huku nakoroga sufuria. Kijitoni sikushuka hata siku moja. Baada ya mazishi, kila Jumatatu ya kwanza ya mwezi, nazikuta chupa barazani zimejaa, fomu chini yake. Nikasema kampuni imeleta mtu mpya, mwenye haya zake. Nikasaini, dereva wao akazichukua kama kawaida. Jina sikulitazama. Nani hutazama?

Ila kuna jambo. Glasi ya maji nikiiweka kando ya kiti, nikirudi naikuta imemwagika. Nilimgombeza paka wee, mpaka nikakumbuka Mustard alikufa Julai. Labda sakafu imeinama.

Mama yako


Chuoni
27 Septemba 1998

Mama,

Habari za huko? Mimi sijalala vizuri tangu barua yako.

Fomu ya Julai ina maelezo ya penseli: "Mustard nimemzika chini ya mti wa pea. Orpha asishike jembe na goti lile." Mama, ni nani alimzika paka?

Sikiliza sasa. Majibu ya maabara yaliyobanwa nyuma yanaonyesha sumu ikipanda kila mwezi. Barua ya kampuni inasema maji ni safi. Kisima chako kinanyonya hapohapo! Usiyanywe. Lakini kikaoni majibu haya hayatasimama: aliyechota ni marehemu, na shahidi hakushuhudia. Jumatatu tarehe 5 kaa barazani, mshike huyo mtu, mwulize jina. Naogopa, Mama, nakwambia kweli.

Mwanao,
Idella


Slate Lick
5 Oktoba 1998

Mwanangu,

Mimi mzima, usiwe na wasiwasi. Nimelia tu.

Nilikaa barazani tangu alfajiri na kahawa yangu. Nikainama kuvuta soksi. Nilipoinuka, chupa zipo, tupu. Nyayo zilikuwa mbichi, zimepanda kutoka kijitoni, ule mguu wa kushoto unaburura kama alivyokuwa akiburura baba yako tangu dari la mgodi limwangukie. Zinafika mlangoni. Za kurudi hakuna.

Fomu haikuwa na jina la mchotaji safari hii. Kwenye maelezo pameandikwa: "Usinywe, Orpha."

Nimemwaga maji yote ya ndani, na maharage yako pia, maana niliyapika kwa maji yaleyale, nisamehe. Kisha nikavaa koti la baba yako, nikashuka mwenyewe, na goti hilihili. Miaka thelathini nimesaini na leo ndiyo nimeyaona yale maji. Yana rangi ya chai. Nimezijaza chupa kwa mkono wangu, nikaandika Orpha Ratliff penye mchotaji. Nikaiacha fomu mezani, nikaenda kutundika koti.

Niliporudi, shahidi alikuwa ameshasaini. Kwa penseli.

Nitakuja kikaoni nayo. Wewe ndiye unayesoma sheria: wakitaka shahidi wangu asimame, niwaambie nini?

Mama yako