Dada Neema Naye Alikuwa Anakua

Mama yangu, shikamoo huko uliko.

Unakumbuka ulivyokuwa ukitupima? Kila tukimaliza kupura alizeti pale Mtinko, ulinisimamisha mgongo kwa mgongo na dada Neema, ukaweka kiganja juu ya utosi wangu. Kila mwaka kiganja kiliishia begani pake. "Huyu mtoto haongezeki," ulisema, na jioni sufuria ya mizizi inabandikwa jikoni. Nilikunywa dawa chungu hadi nikachukia harufu ya moshi wa kuni. Ni shangazi, alipokuja kututembelea, ndiye aliyekucheka: "Wifi, gauni la mtoto limepanda juu ya magoti. Neema naye anakua, utampimaje kwake?" Ulicheka mpaka ukakaa chini. Kisha ukachukua kisu, ukakwangua alama yangu kwenye mwimo wa mlango, kwa sababu mwimo haukui.

Mama, nimenaswa palepale. Chuoni nachunguza bakteria niliowatoa kwenye tope la ziwa letu la chumvi, nijue ni jeni zipi zinazofanya kazi zaidi chumvi ikizidi. Ili ujue kazi ya jeni imepanda, lazima uilinganishe na nyingine isiyoyumba. Wanaiita jeni ya rejea. Mimi naiita mwimo. Maabara yetu inayo moja ambayo kila mtu anaitumia. Nikaipima yenyewe, nikakuta nayo inapanda chumvi ikipanda. Basi kurasa zote nilizoandika kwamba hakuna kilichobadilika ni mimi na Neema, mgongo kwa mgongo.

Dawa yake naijua: nijaribu jeni kadhaa, nichague mbili tatu zinazotulia ndani ya chumvi, halafu nirudie vipimo vyote. Msimamizi wangu hataki kusikia. "Wenzako wote wamehitimu na hiyo hiyo," aliniambia. "Wewe ni nani?" Nikinyamaza, nahitimu na uongo. Nikisema, mwaka huu sihitimu, na sijui kama atanipokea tena. Naogopa, mama. Nimekosa hata wa kumwambia, maana nyumbani wameshanihitimisha.

Neema amenunua kitenge cha sare ya mahafali, ukoo mzima. Niko kwake Mandewa, na asubuhi hii alikitandaza mezani akaniita anipime.

"Simama wima, mdogo wangu, usijikunje."

Siku hizi namzidi kichwa kizima, ungecheka. Alinizungushia tepu kiunoni huku akisema, "Mama angekuwepo, tungeanza na gauni lake." Akachukua mkasi.

"Dada, usikate kwanza."

Aliniangalia, akauweka mkasi juu ya kitambaa. Ameenda kuchemsha chai, nami nakuandikia hapa mezani, pembeni ya kitenge kizima. Akirudi nitamwambia yote. Keti nami kidogo, mama, mpaka amalize kumimina.

Kitindamimba wako,
aliyeimaliza ile mizizi yote.